Kutazama ndege wa baridi kutoka majini New York: feri ya bure, boti ya Rockaway au safari ya kulipia?

Kila mwaka theluji ya kwanza ikishaanguka, kuna mtu hunipigia simu na kuniuliza: "Wewe na darubini yako, baridi yote hii unaenda kutafuta nini baharini?" Jibu langu ni fupi. New York ni mji wa bahari, na bahari yake hujaa ndege wakati ambao watu wameikimbia. Maziwa ya Kanada yakiganda, bata na jamaa zao hushuka kusini kutafuta maji yaliyo wazi, na maji ya chumvi hayagandi mpaka yafike takriban nyuzi 2 chini ya sifuri. Vitwitwi wa Urusi hukimbilia matope ya Mida, karibu na Watamu, wakati wa kaskazi. Hawa wa Kanada hukimbilia bandari ya New York, katikati ya meli, helikopta na majahazi ya takataka. Shida yao ni moja: njaa.

Njia za kuwatazama kutoka majini ni tatu, na nimezitumia zote mara nyingi, kwa fedha zangu na kwa vidole vyangu vilivyokufa ganzi. Watu hulinganisha bei kwanza. Mimi siku hizi naanza na swali lingine: ukiona ndege, chombo hiki kitasimama?

Feri ya rangi ya chungwa

Tuanze na ya bure. Feri ya Staten Island hutoka gati la Whitehall, kwenye ncha ya kusini ya Manhattan, hadi St. George, gati la kisiwa cha Staten Island. Ni kilomita 8 hivi, dakika 25, usiku na mchana, na tangu mwaka 1997 abiria halipi hata senti. Mtu wa Mombasa haoni ajabu. Shangazi yangu alipokuja kututembelea mwezi wa Februari, nilimtangazia kwa mbwembwe kwamba tunapanda bure. Akanitazama. "Kwani Likoni huwa nalipa?" Kweli, mwenda kwa miguu Likoni halipi. Mbwembwe zikaniishia palepale.

Feri hii ina faida moja ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba unaweza kurudia. Ukifika St. George unatakiwa kushuka, unazunguka ukumbini pamoja na wenzako, unapanda tena. Ulichokikosa wakati wa kwenda, una dakika 25 nyingine za kukitafuta wakati wa kurudi, na nyingine tena ukitaka. Kuna asubuhi moja nilienda na kurudi mara tatu, na gharama yangu yote ilikuwa kikombe cha kahawa.

Mahali pa kusimama pana ujanja wake. Wakati wa kwenda, watalii wote hukimbilia upande wa kulia kwa sababu Sanamu ya Uhuru iko huko. Asubuhi wako sawa, hata kama hawajui kwa nini: jua la majira ya baridi huwa chini, kusini-mashariki, kwa hiyo linakupiga mgongoni na ndege wa upande wa magharibi wanaonekana rangi zao zote. Alasiri hamia kushoto, upande wa Governors Island na Brooklyn. Huko hakuna msitu wa simu zilizoinuliwa, na mwanga umegeuka ukawa wako. Ukimtazama bata kwa kuelekea jua utaona kivuli cheusi tu, na vivuli vya bata vyote ni ndugu.

Utaona shakwe, tena wengi, wakiwemo wale wakubwa wenye mgongo mweusi, Larus marinus, ambao hujiona ndio wenye bandari. Utaona mnandi wametanda kwenye mnara wa taa wa Robbins Reef, karibu na St. George. Majira ya kiangazi mnandi wa hapa ni wa aina nyingine. Baridi ikiingia anakuja mnandi mkubwa, Phalacrocorax carbo, ukoo mmoja na yule mwenye kifua cheupe wa Ziwa Victoria. Mvuvi wa Kisumu angemtambua kwa shingo tu.

Na utaona bukini wadogo weusi, Branta bernicla, wakipita kwa mistari juu kidogo ya maji. Hawa nina udhaifu nao, mniwie radhi nikae hapa kidogo. Wanataga Aktiki ya Kanada na kuja kukaa baridi kwenye pwani hii. Zamani chakula chao kikuu cha baridi kilikuwa nyasi za baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nyasi hizo zilipigwa na ugonjwa zikafa karibu pwani yote, na bukini wakafa kwa wingi. Waliobaki walijifunza kula mwani wa kijani, na baadaye majani ya viwanja. Leo utawakuta wakichunga kama mbuzi kwenye viwanja vya mpira vya Brooklyn, kisha mbwa akibweka wanaruka wote kurudi majini, wakikoroma. Ndege aliyenusurika njaa kwa kubadili mlo ana mengi ya kumweleza mhamiaji ambaye bado anatafuta sukuma wiki kwenye duka la Wakorea.

Haya, kasoro. Feri haisimami wala haipindi kwa ajili ya ndege. Ina njia yake na saa yake. Meli zenyewe hazifanani: zile tatu mpya zilizoanza kuingia kazini mwaka 2022 zina sehemu ya wazi juu ambako unaweza kutembea, lakini kwenye baadhi ya zilizotangulia nafasi ya nje ni finyu, na ukiwa nyuma ya watu watatu warefu hutaona chochote. Na haitoki nje ya bandari ya ndani. Ndege wa bahari ya wazi hutawapata huku ila kwa bahati.

Kwa upande mwingine ni meli kubwa, haiyumbi sana, ndani kuna joto, kuna choo, kuna mahali pa kununua chakula. Mwenye mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee, au mtu anayelevywa na bahari hata akiwa kwenye bembea, asiangalie pengine.

Boti ya Rockaway

Hii ndiyo ambayo watu hawaifikirii, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko bei yake. Ni boti ya NYC Ferry, mtandao ulioanza mwaka 2017 kwa ajili ya watu wa kwenda kazini. Nauli ya njia moja ilipandishwa ikawa dola 4.50 mwaka 2024. Kabla hujatoka nyumbani tazama bei na ratiba ya sasa, kwa sababu vyote viwili hubadilika. Inaondoka gati namba 11, karibu na Wall Street, na inachukua kama saa nzima hadi Rockaway, rasi iliyo ukingoni mwa bahari kuu.

Saa hiyo moja inakupitisha bahari mbili. Kwanza bandari ya ndani, pamoja na bukini na shakwe niliowataja. Kisha unapita chini ya daraja la Verrazzano-Narrows, lililofunguliwa mwaka 1964, na hapo inua macho: kozi, Falco peregrinus, huishi kwenye madaraja ya mji huu kama walivyoishi kwenye majabali, na njiwa ni wa kumwaga. Ukishalipita daraja, maji yanabadilika. Mawimbi yanarefuka, upepo unapata nguvu, Coney Island inapita kushoto na mabembea yake yaliyofungwa kwa baridi, na kulia hakuna kitu ila bahari.

Hapa ndipo unapoanza kuona ndege ambao feri ya chungwa haikuonyeshi. Kuna Gavia immer na Gavia stellata, ndege warefu wa kukaa chini majini kama nyambizi: unamwona, unainua darubini, amezama, na anaibukia mahali ambapo hukutazamia. Kuna Clangula hyemalis, bata wa Aktiki ambaye dume lake lina mkia mrefu mwembamba, mzamiaji anayeweza kufika makumi ya mita chini. Kuna Mergus serrator, bata mwenye mdomo wa meno kama msumeno na kishungi kilichochakaa, utadhani ameamka sasa hivi. Na ukibahatika, hasa mwanzoni na mwishoni mwa baridi, mbali upande wa bahari kuu utaona ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mbawa akipanda juu, akikunja mbawa na kujirusha majini kama mkuki. Huyo ni Morus bassanus. Mara ya kwanza nilipomwona nilipiga kelele, na abiria wote wanne wa sitaha ya juu wakageuka kunitazama mimi.

Lakini boti hii inakimbia. Mwendo wake unafika kilomita 40 kwa saa, na kwenye sitaha ya juu upepo huo wote ni wako. Ndege waliopo mbele wanaruka kabla hujafika; unapata sekunde tano, kumi, basi. Mtu anayeanza, ambaye bado anageuza kurasa kumtafuta bata kwenye kitabu, atashuka Rockaway na maswali kumi na jibu moja. Bahari ikichafuka, sitaha ya juu hufungwa, au safari yenyewe inaahirishwa. Na wakati wa baridi boti ni chache, kwa hiyo ukiikosa moja utakaa gatini muda mrefu.

Dawa yake nimeipata baada ya misimu kadhaa: nenda kwa boti, rudi kwa treni. Gati la Rockaway liko upande wa ghuba, na rasi yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo dakika kama kumi za kutembea zinakufikisha upande wa bahari kuu. Hapo simama kwenye vikuta vya mawe vilivyoingia baharini. Tazama mawe yenyewe, sehemu iliyolowa. Ukisubiri, jiwe moja litatembea. Ni Calidris maritima, kitwitwi wa kijivu mwenye miguu ya manjano, anayekaa baridi kaskazini kuliko vitwitwi wenzake karibu wote na asiyejali wimbi linalompigia usoni. Ukimaliza, panda treni ya kuunganisha hadi Broad Channel, utembee dakika 20 hivi mpaka hifadhi ya ndege ya Jamaica Bay, kisha treni ya A ikurudishe mjini. Siku nzima, kwa nauli ya boti moja na treni mbili.

Safari ya kulipia

Hizi ni boti zinazokodiwa kwa ajili hiyo hasa. Shirika la NYC Bird Alliance, ambalo hadi mwaka 2024 lilijulikana kama NYC Audubon, limekuwa likiandaa safari za kutazama ndege na sili, wale mamalia wa baharini, kwa miaka mingi, kwa kawaida Jumapili kati ya Januari na Machi, na wapo wafanyabiashara wengine wenye safari zinazofanana. Ni saa mbili hivi. Bei ni makumi ya dola kwa kila kichwa, kwa hiyo familia ya watu wanne itoe hesabu mapema: feri ya chungwa ni bure, Rockaway kwenda na kurudi ni dola 36 kwa nauli ile ya 2024, na hii inaweza kuvuka mia.

Unachonunua ni vitu viwili. Cha kwanza ni macho ya mtu mwingine. Mwongozaji mzuri amesimama na kipaza sauti, anasema "saa tatu, mbele ya boya jekundu", na watu 40 wanamwona ndege ambaye wangempita. Saa ya mwongozaji, nikukumbushe, ni saa ya Kizungu: omo ya boti ni kumi na mbili, kulia ni tatu. Shangazi alisikia saa tatu akatazama mkono wake.

Cha pili ni breki. Nahodha anapunguza mwendo, anazima injini, boti inaelea. Bata hawaruki. Ndipo kwa mara ya kwanza unamwona Bucephala albeola sawasawa: bata mdogo, mweupe na mweusi, kichwa kikubwa kuliko stahili yake, na jua likimgusa kichwa hicho cheusi kinatoa zambarau na kijani kama shingo ya njiwa. Kutoka kwenye boti ya Rockaway huyu ni nukta nyeupe iliyopotea. Kwenye boti iliyosimama ni kito.

Safari hizi pia hufika mahali ambapo nyingine hazifiki karibu: visiwa vya Hoffman na Swinburne, nje ya daraja, upande wa Staten Island. Vilijengwa na binadamu kuanzia miaka ya 1860 ili kuwatenga wahamiaji waliofika na kipindupindu au homa ya manjano. Leo haviruhusiwi kukanyagwa. Ni vya Hifadhi za Taifa, vya ndege, na vya sili. Sili walikuwa wametoweka kwenye maji haya kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1972 iliwakinga, maji nayo yakaanza kusafishwa kwa sheria nyingine ya mwaka huohuo, samaki wakarudi, na wao wakafuata. Boti ilipokaribia Swinburne, vichwa vinane vikainuka juu ya maji kututazama. Shangazi akanishika mkono.

"Mwanangu, mbona mbwa wameachwa baharini?"

"Si mbwa, Shangazi. Ni sili."

"Mimi naona mbwa." Akakaa kimya kidogo. "Na wananijua."

Sasa tahadhari, maana si kila mara inakuwa hivyo. Sili hupanda kwenye mawe maji yakipwa. Maji yakijaa mawe yanafunikwa na wao wanasambaa. Ratiba ya boti hupangwa kwa saa za watu. Mwaka mmoja nililipa kampuni moja, sitaitaja, ikatupeleka maji yakiwa yamejaa pomoni na mwongozaji akatuonyesha majengo ya Manhattan kwa saa nzima kana kwamba ndiyo tuliyolipia. Tangu siku hiyo sikati tiketi kabla ya kufungua jedwali la maji kujaa na kupwa. Uliza pia mambo mawili: kuna mtu wa ndege ndani, au ni nahodha anayesoma maelezo yaliyoandikwa? Na bahari ikichafuka, fedha zinarudi au unapangiwa siku nyingine?

Na nchi kavu?

Nitasema mara moja na kupita. Gati la Coney Island ni bure, halitikisiki, na kwa darubini kubwa ya miguu mitatu utaona wengi wa ndege hawa. Mwenye darubini hiyo hahitaji ulinganisho wangu. Asiyekuwa nayo, ndege wengi watakuwa mbali mno.

Kabla hujapanda chochote

Darubini iwe ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, au hata ya 7. Nilinunua ya 12 kwa tamaa. Kwenye boti kila kitu kilicheza ngoma, nikashuka na kichwa kinauma bila kumtambua hata shakwe. Usiingie ndani kuota moto kila baada ya dakika tano, kwa sababu ukitoka vioo vitakuwa vimepata ukungu. Vaa soksi mbili, boshori inayofunika masikio, na glavu nyembamba ndani ya nene ili uweze kugeuza gurudumu la darubini bila kuacha vidole wazi. Chupa ya chai ya tangawizi hufanya kazi mbili, ya baridi na ya tumbo. Weka Merlin, programu ya kutambua ndege, kwenye simu kabla ya kutoka, na upakue ndege wa eneo hilo ukiwa nyumbani.

Mwezi wa Januari jua linachomoza kama saa moja na dakika ishirini asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ukichelewa kuamka umepoteza nusu ya siku. Siku bora ni ile isiyo na upepo inayofuata baridi kali ya siku kadhaa: mabwawa ya bara yameganda, bata wamesukumwa bandarini, na mawimbi madogo hayawafichi. Upepo ukiwa mkali usiende, hata kama jua linawaka.

Ningekuchagulia hivi

Hujawahi kushika darubini, au unamleta mgeni ambaye hatarudi New York karibuni: lipa. Lipa mara moja, chagua siku ambayo maji yanapwa katikati ya safari, na umsikilize mwongozaji. Ndege kumi utakaoonyeshwa vizuri siku hiyo utawatambua mwenyewe maisha yako yote, na ukishawajua, boti isiyosimama haikusumbui tena kwa sababu sekunde tano zinakutosha.

Ukishafika hapo, Rockaway ndiyo yako, kila mara. Mimi leo silipii tena safari ya kuongozwa isipokuwa kuna mtu ninayempeleka.

Feri ya chungwa ichague ikiwa una saa moja na nusu tu kabla ya kazi, ikiwa una watoto, au ikiwa mfuko umekauka, jambo ambalo baada ya Krismasi hutupata wengi. Ila usimpeleke mtu hapo ukimwahidi bata wa Aktiki. Mwambie mnaenda kutembea majini, na ndege mkiwaona iwe nyongeza.

Shangazi alipanda mbili kati ya tatu. Ya Rockaway aliikataa gatini kabisa, akitazama sitaha ya juu na bendera iliyokuwa ikipigwa na upepo. "Hiyo panda wewe," alisema. "Mimi nimeshaona mbwa wangu."